Kamba ya Kisimani

Jumanne, 9 Machi 1954

Sikuota. Asubuhi nilipokuwa nikiteka maji, kamba ilivutwa kutoka chini mara mbili, taratibu, kama mtoto anavyovuta kanga ya mama yake.

Nilimwambia mume wangu, Elia. Alicheka. Tangu tuchimbe kisima hiki uani, hataki kusikia habari za bomba la mji. "Maji ya Wazungu ya nini, mama Neema, na sisi tuna yetu?"

Jioni akaenda kuteka mwenyewe. Nilimchungulia dirishani. Aliinama, akasikiliza, kisha akaiachia kamba yote ikazama pamoja na ndoo. Aliingia ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Kisha akauliza, "Ofisi ya maji pale bomani wanafungua saa ngapi?"