Kitanda cha Mama Kiko Dodoma

Mdogo wangu Hamisi,

Assalaam aleikum. Aliyekuletea barua hii ni Issa wa Kilindoni, nilikuwa naye huku kazini. Kabla hujaendelea kusoma, toka nje ukae peke yako. Usimpe shemeji aisome kwa sauti kama mlivyozoea, maana Mama yuko humo ndani na masikio yake bado mazima. Ndiyo sababu nimeandika, ingawa unajua mwandiko wangu, shule niliiachia darasa la tano. Simu unaiweka sauti ya nje, na maneno haya siwezi kuyasema Mama akiwa ubavuni mwako.

Je, hamjambo hapo Kanga? Mguu wa Mama umepungua kuvimba? Nguruwe wameiacha mihogo? Mimi mwili ni mzima, ila kikohozi hakiniachi, kwa kuwa kutwa nzima napiga msasa, na upepo wa Dodoma ni mkavu hadi midomo inapasuka. Samaki wa huku ni wa barafu, ukimla unakuwa kama unatafuna kitambaa. Nalala stoo, pamoja na ndoo za rangi na mzee mmoja fundi wa Kigogo, anaitwa Yona, anayekoroma lakini ana roho nzuri.

Nyumba tunayoipamba ni ya mama mmoja mwenye uwezo. Amesema anataka ndani pawe pwani tupu. Amemleta dada wa mapambo, anaitwa Vivi, na huyo Vivi ana sheria moja: kila kitu kifanane na mwenzake, kisichofanana kinatoka. Kuta nyeupe, mbao nyeusi, vitambaa vya buluu, basi. Mikeka haitandikwi, imepigiliwa misumari ukutani. Nyungo nazo ziko ukutani. Mbuzi ya kukunia nazi iko juu ya rafu na hairuhusiwi kuguswa. Dema, Hamisi, dema la kutegea samaki, limening'inizwa juu ya meza ya chakula na ndani yake kuna taa. Yona alilitazama sana, akaniuliza:

"Bwana Mafia, sasa samaki wataingiaje humo?"

"Labda watakuja kwa basi," nikamwambia.

Tulicheka siku ile. Siku walipokuja kupiga picha hatukucheka. Vivi alitutazama na nguo zetu za rangi akasema, "Nyinyi kaeni nyuma kidogo, mnaharibu picha." Tukakaa nyuma ya tangi la maji mpaka wakamaliza.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Kosa la kwanza ni langu na ninalikubali. Vivi aliniuliza, "Wewe si mtu wa Mafia? Vitanda vya kamba vya zamani vinapatikana huko?" Mimi na mdomo wangu nikajibu vimejaa, watu wameviegemeza uani, kuku wanalala juu yake, wote sasa wanataka vitanda vya dukani. Nikampa namba yako. Nilijua utazunguka Kanga, ufike hata Kiegeani, ununue hivyo vya kuku, upate chochote. Sikujua hutatoka hata nje ya mlango wa nyumba yetu.

Mzigo ulifika kwa lori, vitanda viwili vimefungwa magunia. Cha kwanza sikijui. Cha pili nilipofungua gunia upande wa miguu nikaona matendegu, miguu yake ya kukereza, moja lina alama ya panga uliyoipiga wewe mwenyewe utotoni ukapigwa. Hata hivyo nilijiambia matendegu yanafanana. Nikafungua upande wa kichwani, nikahesabu mpaka mstari wa nne wa kamba. Nikakaa chini.

Wewe hukuwepo, ulikuwa kwa dada Mwanahawa. Baba alipofariki msikiti wetu haukuwa na kitanda cha kuoshea maiti, akaoshewa kwenye hicho hicho cha Mama, kamba za katikati zikasogezwa maji yapite. Baada ya arobaini Mama akataka kamba zifungwe upya, nikazifunga mimi. Katika mstari wa nne niliruka kamba moja, sikuona mpaka nimemaliza. Nilitaka kufumua, Mama akakataa. "Acha hivyo hivyo," alisema, "nimechoka kulala chini." Na wewe mwenyewe umemsikia mara ngapi akisema siku yake ikifika aoshewe alipooshewa mumewe? Alikuwa anasema na nani, Hamisi, kama si na sisi?

Nilipokupigia ukaniambia, "Kaka, usikuze mambo. Mama yuko kwenye godoro la sponji, analala vizuri." Nikakuuliza umemwambia nini. Ukasema, "Nimemwambia umekichukua wewe kukikarabati. Ulitaka nimwambie nini?" Sitaki kujua umekiuza kwa kiasi gani. Hilo la kunitia mimi kwenye uongo wako ndilo lililonichoma.

Nilimwendea Vivi. Nilimweleza yote, hata la Baba. Alinisikiliza, siwezi kusema alinidharau. Halafu akasema, "Pole sana, lakini vitanda hivi ni viwili vya kutazamana. Kimoja kikitoka, chumba chote kimeharibika." Nikamwambia nitamletea kingine. Akasema mwenye nyumba ameshakiona na amekipenda hicho. Kisha, Hamisi, akanipa kazi. Alileta kamba nyeupe za dukani zifanane na kuta. Akainama, akaupitisha mkono juu ya kamba za zamani, akaugundua ule mstari. "Hapa fundi alikosea," akasema. "Fumua zote, usirudie hilo kosa."

Nilifumua. Ningefanya nini, nirudi kwenye vumbi la barabarani kutafuta kazi nyingine na kifua hiki? Mbao nilizipiga msasa mpaka alama ya panga lako ikaondoka. Kamba nyeupe nikazikaza, mistari yote imenyooka kama daftari. Kitanda cha Mama kiko sebuleni sasa, kina mito ya buluu, wageni wanakikalia wanakunywa soda. Yona aliniona nafuta macho, akasema, "Vumbi hilo, Bwana Mafia." Nikasema ndiyo, vumbi.

Ijumaa uliponipa Mama kwenye simu, wewe ulikuwa hapo, ulisikia. Aliniuliza, "Mwanangu, kamba umezikaza?" Nikamjibu, "Nimezikaza, Mama." Akasema, "Ahsante baba. Ule mstari wako ulioukosea usiunyooshe. Mgongo wangu umeuzoea, nikigeuka nautafuta." Wewe ulicheka, nilikusikia. Ukasema, "Mama naye!" Mimi nilikata simu. Si mtandao, niliikata.

Issa anakuletea na mfuko wa sandarusi. Ndani mna kamba za zamani, zile za makumbi ya nazi, zote. Vivi aliagiza zichomwe, nikazificha chini ya godoro langu. Nyingine zimeliwa, lakini zinatosha kitanda kidogo. Kazi yako ni hii. Tafuta kimoja cha vile vilivyoegemezwa uani kwa watu, nilivyotegemea uvinunue mwanzo. Kioshe vizuri. Zile kamba ziloweke usiku mmoja ndipo uzifunge, na ukifika mstari wa nne kutoka kichwani, ruka kamba moja upande wa kulia. Usipojua, nenda kwa baba mdogo akuoneshe. Mama akilala hapo, na siku yake ikifika akaoshewa hapo, angalau kamba zitakuwa ndizo.

Lakini kwanza mwambie. Kabla hujaenda kutafuta kitanda, kabla hujafungua mfuko, ingia ndani ukae chini miguuni pake, umwambie kilipo kitanda chake na nani alikiuza na nani alitoa namba. Yangu usiyapunguze. Usijaribu kumpitishia hicho kingine kama ndicho. Mgongo wake utajua usiku wa kwanza, na hapo atakuwa amepoteza kitanda na watoto wawili kwa pamoja.

Nisalimie dada Mwanahawa na mumewe, mwambie hirizi ya kifua aliyonipa naivaa ingawa haisaidii. Msalimie baba mdogo, na shemeji, yeye sina ugomvi naye. Watoto wako wabusu. Shikamoo ya Mama nimeiandika hapa chini, mpe, ila baada ya kumwambia, si kabla. Akiitikia marahaba, nipigie unijulishe. Asipoitikia, nipigie vilevile.

Shikamoo Mama.

Ni mimi kaka yako,
Bakari