Punda Uliyemwacha Bila Maelezo

Baba,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana wewe hata ulipokuwa hai ulikuwa unaitikia huku umeshageuka kwenda zako.

Nakuandikia nikiwa na hasira, nisikufiche. Ni miezi mingi sasa tangu tuanue matanga, na watu bado wananipa pole ya msiba. Hakuna hata mmoja aliyenipa pole ya punda.

Unakumbuka siku ile pale Buzuruga? Mimi nilikuwa nimebeba kapu la dagaa, wewe unasukuma baiskeli. Yule jamaa alikuwa anasomba mapanki kutoka kiwandani, mkokoteni umejaa vichwa na mifupa ya sangara ambao minofu yao imeshapanda ndege kwenda Ulaya. Punda alikuwa ameanguka, bado amefungwa kwenye mkokoteni, na jamaa anamchapa ainuke. Ukainama, ukampapasa punda tumbo, kisha ukamsogezea jamaa baiskeli yako. Baiskeli ile ile uliyozungukia vijiji miaka yote ukichanja ng'ombe, ambayo ulisema ukizeeka itakuwa yangu. "Chukua hii, niachie huyo." Hukunitazama hata kidogo.

Tukarudi Nyegezi kwa miguu, wewe na kifua chako kibovu, yeye na mbavu zake, mnapumzika kila baada ya hatua chache. Sikujua nimwonee huruma nani. Mama alipotuona alicheka mpaka akakaa chini, na kabla ya jua kuzama majirani walikuwa wameshampa punda jina: Mapanki. Kwa ile harufu, na kwa ile mifupa.

Halafu zikaanza amri. "Bakuli moja la pumba asubuhi, moja jioni, Kabula. Si mawili." Nikakuona bahili. Ukasema na nyingine: "Asibebeshwe kitu mpaka nitakapowaambia." Kwa nini? Hukusema. Wiki ya sita ukafa.

Hapo ndipo ninapokasirika. Wewe ulikuwa bwana mifugo. Kule joshoni uliwaeleza watu baki mpaka sauti ikakauka, kupe ni nini, ugonjwa unaingiaje. Ukirudi nyumbani unatoa amri na kuomba maji ya kuoga. Hata serikali ilipokupunguza kazini hukutueleza. Tulijua tu kwa sababu hukutoka asubuhi.

Matanga yalipokwisha, Baba Mdogo Masanja akataka Mapanki aanze kusomba maji ya ziwa. Nikakataa. Nikasema, "Baba alisema asibebeshwe mpaka atakapotuambia." Akaniangalia kana kwamba malaria imenipanda kichwani. "Marehemu atakuambia saa ngapi? Atakutumia barua?" Nikabeba ndoo mwenyewe. Kila asubuhi, Baba, kutoka ziwani mpaka juu kwetu kwenye mawe, na punda amesimama ananitazama.

Akaanza kunenepa. Tumbo likatuna kuliko mwili mwingine wote. Tukasema ni minyoo. Nikaenda ofisini kwenu mjini, nikakuta kufuli. Nikapitia joshoni: limekauka, magugu yameota ndani. Kijana aliyekuwa msaidizi wako sasa ana duka lake la dawa. Akaniuliza tuna ng'ombe wangapi. Niliposema mgonjwa ni punda, akacheka, akaendelea kufuta chupa zake.

Asubuhi moja nikaenda zizini na bakuli langu, nikahesabu masikio manne.

Ulijua. Usinidanganye, ulijua tangu pale Buzuruga ulipompapasa tumbo.

Baba Mdogo akasema kile ambacho mfugaji yeyote wa kwetu angesema. Mama mtu amekonda, mtoto atammaliza. Mtoto afungiwe kwenye kizizi cha ndama, mama aende malishoni, anyonyeshe asubuhi na jioni. Ndivyo tunavyofanya na ng'ombe tangu nimezaliwa, na mlango wa kizizi niliufunga mimi, kwa mikono hii. Siku ya pili mtoto akawa anatetemeka miguu. Siku ya tatu mchana alikuwa amelala, na mama yake akilia nje hainui tena kichwa. Mapanki alikuwa amekataa malisho, amesimama kwenye uzio, maziwa yanamdondoka. Nikamtukana. Nikamwambia ukaidi wake ndio utakaomuua.

Ndipo nikakumbuka. Nilikuwa mdogo, nimekufuata joshoni, akaja mzee mmoja na punda wake anakuuliza jambo. Ukamwambia, "Punda si ng'ombe mwenye masikio marefu." Watu wakacheka, wewe pia ukacheka, na hukumalizia. Miaka yote hii hukumalizia! Kama si ng'ombe, ni nini? Anataka nini?

Nikavunja mlango. Nikambeba mtoto, nikambana katikati ya magoti yangu chini ya mama yake, nikamkamulia mdomoni. Mara mbili tatu kiwele kikaisha maziwa. Nikadhani ndiyo basi. Nikakaa pale nalia, Baba, nilikulilia kuliko siku ya mazishi, na nilipofuta macho nikagusa tena, kulikuwa na maziwa. Kidogo tu. Yakaisha, tukasubiri, yakaja mengine. Kiwele chake hakizidi ngumi zangu mbili! Kingewekaje maziwa ya kutwa? Mtoto wake hanywi asubuhi na jioni. Ananyonya kidogo kidogo, kutwa nzima, lazima awe ubavuni mwa mama yake.

Sikutoka zizini mpaka aliposimama mwenyewe jioni, miguu imepanuka, akatafuta chuchu bila mimi. Kesho yake Baba Mdogo akaja, akang'oa nguzo za kizizi moja moja, akaondoka bila neno. Huyo ni ndugu yako kweli.

Sentensi moja tu, Baba. "Ana mimba, na akizaa msimtenge na mwanawe." Ungepungukiwa nini? Ilibaki kidogo nimuue mtoto kwa kufuata yale ninayoyajua, wakati usiyoyasema umezikwa nayo. Nina hasira, na nimekukumbuka, na siwezi kuvitenganisha.

Sasa mtoto anakimbia huku na huku, anaangusha sufuria za Mama. Mama ndiye aliyempa jina: Baiskeli. Anasema angalau imerudi, japo haina kengele. Mapanki mbavu zimepotea. Juzi akaja mwanamke wa ng'ambo ya barabara, punda wake yuko karibu kuzaa. Nilimweleza yote, tangu pumba mpaka kiwele, mpaka akapiga miayo. Nilimshika mkono asiondoke kabla sijamaliza.

Hivyo ndivyo nitakavyofanya kwa kila atakayeniuliza, na kwa wanangu hata wasiponiuliza. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na ujue nimeitoa kwa kukukomoa.

Baba Mdogo anasema Baiskeli ameshaanza kula majani, sasa mama yake asombe maji. Pengine ni kweli. Pengine hata wewe ungesema hivyo. Lakini kesho asubuhi nitabeba ndoo yangu kichwani kama kawaida.

Lala salama, Baba. Bado hujaniambia.

Mwanao,
Kabula