Isale Limefika Kilwa Kisiwani

Baba Elia mume wangu, simama hapo hapo migombani umshukuru Mungu: tumeshinda!

Nimelala kwenye hosteli anakopika mwanetu, kitanda cha deka kama mwanafunzi, dirishani ukuta wa ngome ya zamani. Joto la huku lingeoka mkate. Lile jani la isale ulilolifunga fundo, kumwomba Elia radhi kwa kumfukuza nyumbani, nililiweka kwenye ndoo ya maji lisinyauke. Asubuhi nakuta mbuzi wa hosteli amelitafuna, limebaki fundo tu! Nilimkimbiza na kandambili huku nasali. Je, Elia akisema baba yake anamdharau tena?

Nikampa hivyo hivyo, kwa mikono miwili. Akalitazama, akacheka mpaka akakaa chini.

“Mama, mbuzi amemsamehe baba kabla yangu!” Kisha akafuta macho. “Isale halikataliwi, hata kipande. Mwambie baba Krismasi nakuja.”

Fundo analo mfukoni hata anapokaanga samaki. Kula ushibe, Baba Elia, na ulale ukijua mzigo umeutua.

Mkeo akupendaye,
Mama Elia