Uliza Mbwa Kwanza

Daktari,

Leo nimeamka kama kila asubuhi tangu tukuzike. Nimeenda moja kwa moja kwenye mtungi, nikachota maji nusu kikombe, nikayanywa nikiwa nimesimama. Yamepita. Nimekaa kidogo nikisikiliza koo langu, ndipo nikafungua mlango na kusalimia majirani. Mtu akiniona atadhani naamka na kiu. Wewe peke yako ndiye unayejua ni nini.

Kikombe ni kile cha bati chenye ua jekundu, kile ulichokiangusha. Mama Awuor, mkeo, alitaka kukitupa shimoni pamoja na shuka zako. Nilimwomba anipe. Hakuniuliza sababu.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Dholuo yangu bado ni ile uliyokuwa ukiicheka, ya kuulizia ng'ombe tu. Najua kuuliza kama amekula, kama amekojoa, kama anaharisha. Wazee wakinisalimia zaidi ya "oyawore" naishiwa. Miaka sita nimebeba mfuko wako boma kwa boma hapa Nyakach, na bado mimi ni Nyar Bungoma, msichana wa watu waliotoka Bungoma. Sasa hakuna anayeniita hivyo kwa sauti ile yako ya kejeli. Naikosa. Naikosa sana, Daktari, na pia nimekukasirikia, nikuambie ukweli.

Nimekukasirikia kwa sababu ya glavu. Zilikuwepo. Pakiti nzima, chini ya mfuko, chini ya sindano. "Glavu inanipofusha," ulikuwa ukisema, "mkono mtupu ndio unaona." Na siku ile kwa yule mzee wa upande wa Awasi ngozi ya vidole vyako ilikuwa imechubuka, maana asubuhi hiyo ulikuwa umepigana na cheni ya pikipiki. Niliona damu. Nilidhani ni jambo dogo, sikusema.

Ng'ombe alikuwa anatoa mate kama povu la sabuni, shingo ameinyoosha, hawezi kumeza. Mzee akasema ni magunzi ya mahindi, yamemkwama. Wewe ukacheka: "Nyar Bungoma, shika ulimi, hii ni kazi ya dakika mbili." Nikaushika ulimi kwa taulo. Ukaingiza mkono mpaka kiwiko. Ukasema, "Hakuna kitu." Ukaingiza tena. Mara tatu uliingiza, na mara tatu ukatoa mkono unaong'aa mate. Ng'ombe akawa analia kwa sauti iliyokauka, kama mlevi aliyeimba usiku kucha, tukamcheka. Mimi na wewe tulisimama pale tukamcheka. Kisha ukanawa mikono kwenye beseni, ukanywa chai, tukaondoka. Tuliposikia amekufa siku ya tatu, tulisema koo liliumia kwa ndani.

Miezi miwili baadaye ukaanza kujikuna kifundo cha mkono. Ulisema ni upupu. Halafu homa. Kliniki moja wakakupa dawa ya malaria na wewe ukaimeza, ukanitania kwamba watu wanatibiwa kwa kubahatisha zaidi kuliko mbuzi. Siku ya nne nikakuletea maji kwenye kile kikombe. Ukakileta mdomoni, na koo lako likaruka. Lenyewe, Daktari. Niliona misuli ya shingo yako ikijikaza kama kamba, na kikombe kikaanguka, na wewe hukukitazama kikombe. Ulinitazama mimi.

"Unaona?" ukaniuliza. Kama tuko bomani kwa mtu, kama unanifundisha.

Nilikuwa nimeona. Nilitaka kusema ni malaria imepanda. Nilitaka kusema chochote. Wewe mwenyewe ndiye uliyelitaja jina, kichaa cha mbwa, kwa sauti ya chini ili Mama Awuor asisikie. Halafu ukanifukuza: "Na wewe ulishika ulimi. Enda Kisumu uchanjwe. Leo. Usinikalie hapa." Mlangoni ukaniita. "Sikuuliza kama kuna mbwa aliyepita," ukasema. "Miaka thelathini, na sikuuliza mbwa. Uliza mbwa kwanza."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho uliyoniambia ukiwa na akili zako. Nilipokuja kesho yake kwenye wodi walikokulaza, pazia lilikuwa limefungwa na hukunijua.

Baadaye nilienda kumwona yule mzee wa Awasi. Akaniambia, bila kuficha, kwamba wiki kadhaa kabla ya ng'ombe kuugua kulipita mbwa mgeni akang'ata mifugo ya majirani, wakamuua kwa mawe. Angetuambia. Alikuwa anangoja aulizwe. Nilimwambia na yeye aende na watu wake wote wakachanjwe, akaenda. Wako salama mpaka leo.

Siku ya mazishi vijana waliingiza ng'ombe bomani mbio mbio, na nyimbo na firimbi, kufukuza kifo, kama inavyofanywa kwa mtu mzima. Watu walikuwa wanalia na kucheza. Mimi nilikuwa nimejibana kwenye ukuta wa jikoni nikitazama midomo ya ng'ombe. Kila mdomo. Mmoja alikuwa na mate kidogo kwa sababu ya kukimbizwa, nikageuka kukimbia, Mama Awuor akanishika. Alidhani ni uchungu. Ilikuwa woga. Nilikuogopa hata wewe, ndani ya sanduku lako, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote.

Nesi aliyenichoma sindano alikuwa mpole. Alisema, "Tungekupata mapema ingekuwa vizuri, lakini maliza zote." Nilimaliza zote. Lakini hilo neno, mapema, nimelala nalo mwaka huu wote. Najua ugonjwa huu unavyoweza kujificha mwilini, wewe ndiye uliyenifundisha. Nikiwashwa na mbu, moyo unasimama. Nikipaliwa na chai, nawaza watoto wangu watakaa na nani.

Sasa nikuambie lile ambalo limenifanya nikae niandike, maana naona nazunguka.

Unamkumbuka Mama Akoth, yule mjane wa karibu na Katito ambaye alikuwa anakuwekea maziwa ya mgando? Ng'ombe wake, yule mweusi mwenye pembe moja iliyopinda, alianza kutoa mate. Akanipigia simu. Nilipofika, ng'ombe alikuwa amesimama kando ya shamba la viazi vitamu, shingo ameinyoosha, anakohoa, tumbo limeanza kuvimba upande wa kushoto. Wewe ungejua hata kabla ya kushuka pikipiki. Mimi niliona mate tu. Nilisimama nje ya ua, Daktari. Sikuingia. Nilishika mti wa ua kwa mikono miwili nikapiga kelele, "Kila mtu arudi nyuma!"

Niliuliza mbwa. Niliuliza, kama ulivyoniagiza. Mama Akoth akasema, "Hakuna mbwa imekuja hapa, daktari. Hii ng'ombe asubuhi ilikuwa sawa. Imeingia kwa viazi saa hii tu." Nilisikia jibu na sikuliamini. Niliuliza nikiwa na jibu langu tayari. Nikamwambia asimguse, nikampigia afisa wa mifugo wa serikali, tukangoja. Mama Akoth alinitazama mara mbili tatu, kisha akatazama mfuko wako begani kwangu. Tumbo likapanda mpaka likawa ngoma. Ng'ombe akaanguka. Afisa alipofika, ng'ombe alikuwa ameshakufa.

Afisa akavaa glavu, akapapasa shingo, akakata. Kilitoka kiazi. Kizima, ukubwa wa ngumi yangu. Alikiweka kwenye nyasi, akaniuliza polepole, "Nafula, ulipapasa shingo?"

Mama Akoth hakunitukana. Aliokota debe la kukamulia lililokuwa pale, akaligeuza chini juu, akaingia nyumbani. Ningependa angenitukana.

Basi nikaurudisha mfuko kwako. Nilimwambia Mama Awuor auweke kabatini, mimi nitauza chumvi ya ng'ombe na dawa ya kupe pale agroveti, sitaki tena kuitwa daktari. Akaupokea. Akalitaja tu jina lako, "Odera angekasirika," akaenda kuanika nguo. Kila asubuhi niliendelea kunywa maji yangu nusu kikombe na kusikiliza. Nilijiambia nakuheshimu. Uongo. Wewe ulikufa kwa kuingiza mkono na mimi niliua kwa kukataa kuuingiza, na katikati ya hayo mawili sikujua mahali pa kusimama.

Alhamisi iliyopita Mama Akoth akaja dukani kwa miguu. Kwa miguu, kutoka kule, leso kichwani imelowa jasho. Mtamba wake, binti wa yule mweusi, ndiye peke yake aliyebaki. Alikuwa anatoa mate. Nilimwambia aende kwa afisa. Akasema afisa yuko mbali, simu haishikwi. Nikamwambia mimi sifanyi tena hiyo kazi. Akasema, "Nafula, mimi sina mwingine. Njoo uogope ukiwa kwangu."

Nikapita kwa Mama Awuor. Mfuko haukuwa kabatini. Ulikuwa juu ya kiti karibu na mlango, umepanguswa vumbi.

Tulipofika nililazimisha miguu yangu kupita ule ua. Nikauliza mbwa kwanza. Hakuna, wala kwa jirani. Safari hii nilingoja jibu mpaka mwisho, nikamtazama anavyosema. Nikauliza imeanza lini. Asubuhi hii, amekuta maembe yaliyoanguka. Nikamsikiliza mtamba analia: sauti ni yake, haijakauka. Anatembea sawa. Maji akinywa yanarudi kwa pua. Tumbo la kushoto limeanza kupanda. Nikavaa glavu, mbili mbili, nikapapasa shingo kutoka nje, na chini ya vidole vyangu pale upande wa kushoto kulikuwa na kitu kigumu. Kilikuwepo. Nikaanza kulia hapo hapo, mkono shingoni mwa ng'ombe.

Lakini kujua si kuingiza mkono. Nilimfunga, nikamwekea kipande cha mti katikati ya magego, na nikasimama mbele ya ule mdomo nikiona mkono wako. Mate yale yale. Harufu ile ile ya majani yaliyochacha. Nilimwambia Mama Akoth kwamba siwezi. Yeye akazunguka upande wa pili, akaweka viganja vyake vyote viwili shingoni mwa mtamba, chini ya lile gumu, akasema, "Mimi nasukuma huku. Wewe chukua huko."

Nikaingiza. Nilifumba macho, nikiri. Akasukuma, nikanyoosha vidole, kikateleza, akasukuma tena. Kokwa la embe. Lilitoka na nyuzi zake zote, na mtamba akabeua usoni kwangu beuo refu la kunuka ambalo sijawahi kusikia zuri kama hilo. Na nikuambie, Daktari, glavu hainipofushi. Nililiona kokwa vizuri kabisa. Ulikosea, na kosa hilo lilikuwa dogo sana kwa kuua mtu kama wewe.

Glavu ya nje ilikuwa imechanika kwenye jino. Ya ndani ilikuwa nzima. Hata hivyo nilinawa kwa sabuni mpaka ngozi ikauma, na kesho yake nilienda Kisumu nikaeleza, nikachomwa tena. Nesi ni yule yule. Alisema sikuhitaji sana. Nikamwambia anichome tu.

Lakini kuna jambo lilitokea kabla ya hapo. Nilipomaliza kunawa, Mama Akoth akanipa maji ya kunywa kwenye kikombe cha plastiki. Nikanywa yote. Nikaomba mengine, akaniongeza, nikanywa hayo pia, huku tunaongea juu ya mtamba na kama atakamuliwa mwaka ujao. Nilikuwa nimefika barabara ya lami ndipo nilipokumbuka kwamba nilikunywa vikombe viwili bila kusikiliza koo langu.

Asubuhi iliyofuata nilisikiliza tena. Na leo tena, nimekuambia. Sidhani woga huu utaondoka, na pengine sitaki uondoke wote. Ninachokuahidi ni hiki: nitauliza mbwa kwanza, na nitaamini jibu nikishalichunguza. Nitapapasa shingo. Nitavaa glavu, hata wazee wakinicheka. Sitasimama tena nje ya ua mnyama akifa ndani. Na Jumamosi tunachanja mbwa pale sokoni Katito. Nimetangaza kanisani, nimemtumia ujumbe na yule mzee wa Awasi, amesema anawaleta mbwa wake wote wanne.

Kikombe cha ua jekundu nakirudisha leo kwa Mama Awuor. Akitaka kukitupa, akitupe. Akitaka kutia chai, nitakaa ninywe naye.

Lala, Daktari. Mfuko uko kwangu.

Nafula, Nyar Bungoma wako