Madereva Sitini wa Mwezi wa Machi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Jina langu halipo.

Makala ya utafiti wetu imetoka leo. Kasereka amenionyesha kwenye simu yake pale tunapochemshia chai ofisini, mwenyewe akichekelea kabla hajaisoma hadi mwisho. Dereva mwenye presha ubongo wake unachelewa kuiona hatari — ndiyo habari yenyewe. Majina saba juu. La Profesa Erinayo la kwanza, sawa, mradi ni wake. La sita ni la mtu ambaye hajawahi kukanyaga maabara yetu. Mimi niko chini kabisa, kwenye shukrani, pamoja na dereva wa gari la mradi na mama wa usafi.

Miaka sita! Kwa utafiti huu peke yake, vichwa mia moja na ishirini nimevivisha kofia ya nyaya kwa mikono hii. Nimepaka jeli, nimeosha jeli, nimewafundisha wanaume wazima: duara jekundu likitokea, bonyeza. Kasereka anaingiza tarakimu kwenye kompyuta, naye jina lake ni la saba. Simwonei wivu. Aliona aibu akaizima simu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Profesa. Hakunikaribisha kiti. Nikauliza kwa adabu, maana nimelelewa. Akaendelea kusoma barua zake huku akinieleza kwa Kiingereza habari za vigezo na kamati ya jarida. Kisha akahamia Kiswahili. Yeye Mganda, Kiswahili hukitumia kwa askari wa getini tu.

"Wewe kazi yako napima, Safinah. Kufikiri ni kazi ingine."

Nikasema asante. Nikafunga mlango polepole. Atakiona kilichomtoa kanga manyoya, wallahi.

Ninaandika kwa Kiswahili cha marehemu baba, cha kambi ya polisi Naguru. Hapa nyumbani hakuna wa kunisoma, na hivyo ndivyo ninavyotaka.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimetoa madaftari yangu yote ya kazini chini ya kitanda. Nilitafuta ushahidi kwamba nami nilifikiri. Nimepata kitu kingine.

Niandike taratibu nielewe. Madereva sitini wenye presha niliwakusanya mimi, wote Wanubi wenzangu, kwa sababu niliwatangazia akina mama msikitini nao wakaleta waume zao. Nikawapima kuanzia tarehe nne hadi ishirini na saba Machi. Wale sitini wasio na presha walitoka sokoni, tukawapima Mei.

Machi ilikuwa Ramadhani.

Tena ni mimi niliyesogeza miadi kutoka asubuhi hadi saa nane mchana, nikiwahurumia, ili wajilaze kidogo baada ya daku na swala. Basi wamekaa mbele ya mashine hawajatia kitu mdomoni tangu alfajiri, hata maji, usingizi vipande vipande. Wale wa Mei walikuja wameshiba chapati na maharage! Fomu inauliza pombe, sigara, dawa. Haiulizi kama umekula. Hakuna aliyesema amefunga, maana chumba kizima tulikuwa tumefunga, nami pia. Nani humwambia mwenzake kitu ambacho wote wanacho? Kasereka ni Mkristo, alidhani ndivyo ilivyopangwa. Profesa mwezi ule hakuja hata siku moja.

Kwa hiyo huenda si presha kabisa. Ni njaa na usingizi. Na kosa ni langu.

Nimelifunga daftari, nimelifungua tena. Halafu nimecheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta. Kosa lina majina saba na langu halimo!

Jumatatu, 11 Agosti

Alhamisi ya tarehe 21 wanakuja wageni, wakubwa wa utafiti wa ubongo, na Profesa atahutubia hotelini. Nitakaa safu ya nyuma. Atakapomaliza nitanyoosha mkono niulize kwa sauti ya unyenyekevu: samahani, Profesa, walipimwa mwezi gani, na walikuwa wamekula nini? Basi. Maneno machache tu. Nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo.

Ningeweza kumwambia leo, mlango umefungwa. Angerekebisha, angesifiwa kwa uaminifu wake, nami ningerudi kwenye jeli. Hapana. Nimengoja miaka sita, siku kumi si kitu.

Kasereka ameuliza kwa nini naimba. Nimempa nusu ya chapati yangu.

Jumatano, 13 Agosti

Leo amekuja Sadik.

Sadik ni mmoja wa wale sitini. Anaendesha lori la kwenda Juba kwa miaka ishirini na miwili sasa, jirani yetu tangu utotoni. Kampuni yao iliomba barua ya matokeo ya kila dereva wake, nao madereva wakakubali kwa sahihi. Yake nilimpa mwenyewe mwezi uliopita: ubongo wake unachelewa. Sasa kampuni inasema alete kipimo kipya kabla ya Jumatatu, la sivyo lori anapewa mwingine.

"Kichwa yangu iko sawa, dada," akasema. "Pima tena. Sasa hivi, niko tayari."

Alikuwa ameshiba, nilimwona akijichokonoa meno. Dakika arobaini tu na angepona. Lakini kipimo kikifanywa kinaingia kwenye kompyuta, na Profesa huviona vyote. Ataona mtu yule yule, ubongo ule ule, mwezi tofauti. Atajua kabla ya tarehe 21.

Nimemwambia mashine imeharibika.

Amesema Mungu ataitengeneza. Hata hakukasirika, amenishukuru na kuondoka.

Jumatatu, 18 Agosti

Lori limeondoka. Kalichukua kijana wa Arua. Siku tatu zimebaki.

Jumanne, 19 Agosti

Fatumah, mke wa Sadik, amenisimamisha dukani. Sadik hataki kuvuka barabara peke yake. Jana alisimama ukingoni muda mrefu akitazama boda zikipita, hadi yeye akamshika mkono. Eti anasema: wataalamu wameona, mimi siwezi kujiona.

Nilimwambia ni wasiwasi tu, utapita. Nikanunua sukari ambayo sikuihitaji.

Anayestahili kulaumiwa ni Profesa. Ni karatasi yake, ni sahihi yake! Baada ya Alhamisi nitampima Sadik siku nzima akitaka. Nitakwenda mwenyewe kwa kampuni yao. Baada ya Alhamisi.

Nimeliandika hili mara mbili na bado halijakaa vizuri.

Alhamisi, 21 Agosti

Saa tano asubuhi. Naandikia chooni hotelini, ghorofa ya pili.

Profesa amehutubia vizuri, shetani yule. Nilikuwa safu ya nyuma, mkono tayari. Akafika mwisho, picha ikabadilika ukutani: majina, nane sasa, na la pili ni langu. Chini yake wameandika kwamba ndimi niliyebuni na kupanga ratiba yote ya vipimo. Akasema jarida limekubali kusahihisha. Akasema alikosea, na akaomba nisimame watu wanione.

Nikasimama. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Sadik pia — amealikwa pamoja na madereva wengine watatu, yuko safu ya pili, kavaa kanzu nyeupe.

Nikamtazama Kasereka. Akaniinamia sikioni, anang'aa uso mzima.

"Ni miye nilimwambia Profesa, dada. Siku mingi nilimusumbua. Nilimwonyesha ratiba yote ni wewe ulipanga."

Ningemkaba hapo hapo. Kijana wa watu, kanitetea!

Kabla sijakaa, mgeni mmoja, mzee wa Nairobi, akanyoosha mkono. Akauliza kwa upole kama makundi mawili yalipimwa majira yale yale ya mwaka. Swali langu. Profesa akatabasamu, akasema hilo atalijibu Safinah mwenyewe, tukitoka chai.

Nikisema kweli, kosa ni langu mbele ya watu wote, na Sadik atajua mashine haikuharibika. Nikisema ndiyo, majira yale yale, jina langu litabaki pale la pili, na Sadik atabaki na ubongo unaochelewa maisha yake yote. Daftari la Machi liko mkobani. Nilikuwa nimelileta kwa ajili ya Profesa.

Sasa hivi kengele ya kurudi ndani imelia. Kuna mtu anagonga mlango wa nje. Ni Sadik. Wamemwambia nimekimbilia huku kwa hofu.

"Dada Safinah, toka. Usiogope watu. Mimi barabara naogopa, na nimekuja."

Nimemjibu nakuja. Amesema hana haraka, atasimama hapo tuingie pamoja. Naandika polepole.