Vibuyu vya Maziwa na Dawa ya Viatu

Arusha,
Jumapili, baada ya ibada

Kwa dada yangu mpenzi Kabula,

Mwangaluka, dada. Sijui barua hii itakukuta asubuhi au jioni, lakini nakuamkia kwa salamu ya kwetu kwa sababu hapa nilipo hakuna wa kuniitikia. Hamjambo wote? Mama yetu Mayu anaendeleaje na mgongo wake? Mvua zimekaaje huko Nkololo, na pamba mmemuuzia nani safari hii, ushirika au wale wanaokuja na malori na mizani yao iliyochezewa? Ng'ombe nao sijui wana hali gani tangu josho liwe la kulipia. Mimi mwili hauumwi. Roho ndiyo imechafuka, na nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujashika kazi nyingine, kwa kuwa ndani yake kuna jambo la haraka.

Vibuyu vilifika salama. Kondakta alinikabidhi gunia stendi, nikalibeba kichwani mpaka nyumbani. Nilipolifungua chumbani ile harufu ikatoka yote kwa mara moja: moshi, siagi, maziwa yaliyoganda. Nilikaa sakafuni nikakitoa kimoja kimoja, nikakinusa, nikacheka peke yangu kama mwehu. Mpangaji wa chumba cha pili alikuja kugonga mlango akauliza kama kuna panya aliyefia darini. Nikamwambia ndiyo, yupo, tunamtafuta.

Uliandika kwamba mlipopata ujumbe wangu wa kutaka vibuyu vilivyotumika mlishangaa, maana ni nani anayempa mgeni kibuyu alichokwisha kukinywea mwenyewe. Kisha Mayu akasema kama wanataka vilivyotumika, basi vitumike. Mkavisafisha kwa mkojo wa ng'ombe, mkavifukiza, mkavitia maziwa kila asubuhi kwa zamu tangu mvua za kwanza mpaka pamba ilipopasuka, na watoto wakawa wanagombana nani anywe kwenye kipi. Dada, hakuna mtu mwingine ambaye angelielewa neno lile namna hiyo isipokuwa watu wa kwetu. Niliisoma barua yako mara nyingi, nikaona fahari.

Fahari yenyewe haikukaa. Unajua tulivyoianza biashara hii. Mume wangu Jilala alipopunguzwa kiwandani, mshahara wangu wa kufagia ofisi na kuchemsha chai ukawa unakwisha kabla mwezi haujafika katikati. Tangu mambo yawe ruksa kila mtu hapa ana mradi wake. Karani anauza maandazi mezani, bosi wake anafuga kuku wa kisasa uani, na mhasibu ana gunia la mitumba chini ya kiti. Mimi nilikuwa na nini, isipokuwa mikono yako na ya Mayu? Ndipo tukampata Festo, mwenye lile duka la vinyago ambako wazungu wanaotoka mbugani hununua zawadi za kupeleka makwao. Kwa kuwa mimi nashinda kazini, shemeji yako Jilala ndiye aliyekuwa anapeleka mzigo na kuleta hela. Mimi sikuwahi kukanyaga pale. Neno la vibuyu vilivyotumika lilitoka kwa Festo, Jilala akaniletea, nami nikakuandikia.

Safari hii Jilala alikuwa ameshikwa na homa, nikaomba ruhusa ofisini nikapeleka mwenyewe. Festo ni mtu wa shati jeupe na saa kubwa, anaongea taratibu kama padri. Alipofungua gunia aliruka nyuma akajiziba pua kwa leso. Nikadhani ameona nyoka. Nikaanza kumweleza, kwa furaha, mjinga mimi, jinsi mlivyovitumia kila siku na hakuna hata kimoja cha uongo. Akanisikiliza mpaka mwisho, leso puani.

"Mama, nani kakuambia nataka vinavyonuka?" akasema. "Nataka vionekane vya zamani. Vionekane tu, basi."

Akawaita vijana wake wavipeleke nyuma, nami nikawafuata kwa sababu sikuwa nimeelewa. Kabula, nyuma ya duka lile kuna uwanja. Kuna pipa la maji ya magadi juu ya moto. Walivitumbukiza vibuyu vyenu mle kwa mafungu, vile vile na shanga zake. Siagi ikapanda juu ya maji ikafanya utando wa njano, na kijana mmoja akauengua kwa kopo akaumwaga kwenye mtaro kama uchafu wa sahani. Kisha wakavisugua kwa waya wa kusugulia masufuria mpaka vikawa vyeupe, vitupu, kama vimetoka shambani jana. Miezi yote ile ya asubuhi zenu ilienda mtaroni wakati mimi nimesimama nimeshika mkoba.

Na bado. Vilipokauka juani walivipaka dawa ya viatu, ile nyeusi, wakavisugua kwa mchanga, wakavipaka tena, wakavipitisha kwenye moshi wa mpira unaoungua. Pembeni kulikuwa na vigoda vipya vinapigwa kwa mnyororo ili viwe na makovu, na mwingine anavitoboa vitundu vidogo kwa msumari, mdudu wa kutengenezwa. Nilimwuliza kijana wa dawa ya viatu kwa nini wamefuta utumizi wa kweli halafu wanapaka wa uongo. Alinitazama kama nimeuliza kwa nini jua linawaka, akaendelea kusugua.

Niliporudi mbele, Festo alikuwa na mteja, mama wa kizungu mzee, amekishika kibuyu cha mzigo wetu uliopita. Nilikijua kwa yale mapambo ya jicho la ng'ombe ambayo wewe peke yako unayachoma. Kimefungwa kikaratasi. Kiingereza changu ni cha chai na sukari lakini nilisoma kwamba hicho ni kikombe ambacho watemi walinywea damu kabla ya kwenda vitani. Damu, Kabula. Kibuyu ulichokichoma mapambo ukiwa umekaa mlangoni kwako. Festo akaninyooshea mkono, akamwambia yule mama kwamba mimi ni wa kabila hilohilo na bibi yangu alikuwa nacho kama hicho. Yule mama akanigeukia kwa heshima kabisa. Nikamwambia ni cha maziwa. Nikarudia, maziwa, nikaonyesha kwa mkono jinsi ya kukamua. Akanitabasamia kama mtu anavyomtabasamia mtoto, akakisogeza kibuyu puani, akanusa ile dawa ya viatu, akafumba macho, akasema anaisikia harufu ya zamani. Na alikilipia palepale.

Nilitaka kutapika na nilitaka kucheka, na vyote viwili vikagoma. Nilirudi nyuma nikachukua vile ambavyo vilikuwa havijaingia kwenye pipa. Festo alisema niache ujinga, nikamwambia ujinga wangu ni wangu. Kesho yake nilivipeleka sokoni kwa akina mama wa Kimeru wanaouza maziwa. Walivinusa, wakatazamana, wakanunua bila kuuliza swali hata moja. Bei yao ni ndogo, sitakudanganya, lakini niliweza kupokea hela ile bila kujifuta mkono kwenye kitenge.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya niandike upesi hivi. Siku ile nilipofika nyumbani kutoka dukani nilimsimulia Jilala yote, huku nalia kwa hasira. Akacheka. Amejifunika blanketi, homa bado iko naye, lakini anacheka. Alikuwa anajua tangu mwanzo. Zaidi ya kujua, dada, ni mmoja wao: siku ambazo hana kibarua Festo humpa kazi palepale uwanjani, ya kupaka. Mimi mkewe nilikuwa naona kucha zake nyeusi nikidhani ni grisi ya gereji, nikawa namhurumia na kumchemshia maji ya kunawa. Siku hizi akimega ugali kwa vidole vile nageuza uso. Mwanamume wa kijijini Sola, aliyekua akinywa maziwa kwenye kibuyu kama sisi, anajua vizuri kabisa anachokifuta.

Hata hilo ningelimeza. Njaa humfanyisha mtu mambo, na kukosa kazi kumemkausha Jilala, naliona. Lakini Alhamisi alikuja Festo mwenyewe hapa nyumbani, akakaa kwenye kiti chetu, akanywa chai yangu, wakazungumza mbele yangu kama vile mimi ni pazia. Festo amepata mzungu anayetaka vya zamani vya kweli, visivyopakwa kitu, na analipa sana. Jilala akamwambia anapajua mahali. Akamweleza jinsi kisabo cha Mayu, kile kibuyu chake cha kusukia maziwa, kilivyo, shingo yake ilivyong'aa kwa kushikwa, ufa wake ulioshonwa kwa kano, na kwamba kimerithiwa kutoka kwa mama yake Mayu na mama yake huyo pia. Alikiona siku alipoleta mahari. Alikula nyumbani kwetu, akapewa mke, na macho yake yalikuwa ukutani.

Festo alipoondoka nilimwambia Jilala kwamba kisabo kile si chombo cha kusukia maziwa tu, kwamba maziwa ya kuwamwagia wazee waliotangulia hutoka mle na si kwingine, na kwamba mimi naenda kanisani lakini sitathubutu kusimama kwenye kaburi la baba siku kisabo kile kitakapokuwa kwenye kabati la kioo Ulaya. Nilimwambia Mayu hatakitoa hata wakija na magunia ya hela.

"Mayu wako hawezi kuninyima mimi," akasema. "Mimi ni mkwe."

Akageukia ukutani akalala. Na mimi nilibaki nimekaa, kwa sababu ni kweli. Wewe unamjua Mayu. Tangu Jilala anioe, kwa mila yetu ya mama mkwe, hajawahi kumtazama usoni. Akisikia sauti yake uani anapita mlango wa nyuma, na neno lake kwake hupitia kwa mtu mwingine. Mkwe akiomba maji kwa mdomo wake, Mayu angetoa hata mtungi. Mkwe akisema naomba kisabo, Mayu ataona aibu kuliko kufa, ataingia ndani, ataacha kichukuliwe, halafu atakaa kimya nacho mpaka kaburini. Jilala analijua hilo vilevile kama mimi. Heshima ya mama yangu ndiyo ameifanya ufunguo wa kumwibia. Dada, uwanja ule wa Festo na uchafu wake wote haukunitia kinyaa kama sentensi ile fupi ya mume wangu.

Wanaondoka na pikapu ya Festo wiki hii, mara tu homa itakapomwachia. Mimi siwezi kuja, ofisini wanapunguza tena watu na nikikosa siku moja jina langu ndilo la kwanza. Kwa hiyo barua hii naipeleka stendi sasa hivi nimpe kondakta yuleyule, ninayemwamini kwa sababu hajawahi kupoteza hata shanga yetu. Basi linatangulia. Naomba litangulie.

Nakuomba ufanye hivi. Usikifiche kisabo, sisi si wezi wa kitu chetu. Wakifika, wapokee vizuri, mchinjie Jilala kuku kama inavyompasa mkwe, na huyo Festo mpe maji na kiti kivulini. Kisha keti palepale mbele yao, uning'inize kisabo na usukesuke maziwa kwa utaratibu wako, mpaka siagi itoke. Wakitaka kunywa, wape wanywe washibe. Mayu muache apite nyuma ya nyumba kama kawaida yake, usimlazimishe kusema kitu ambacho maisha yake yote hakuruhusiwa kukisema.

Vibuyu msiache kutengeneza. Nitavipokea na kuviuza kwa wale akina mama wa maziwa, vitupu au vilivyotumika, vyovyote mtakavyopenda ninyi. Itachukua muda zaidi kupata hela ya dawa ya ng'ombe, na mnisamehe kwa hilo.

Nisalimie kaka yetu Masanja aliye machungani, mwambie asigombane na Jilala, hasira zake nazijua. Nisalimie shangazi Milembe aliyetufundisha kuchoma mapambo kwa msumari wa moto, na binti yako Holo, ambaye nasikia sasa anachoma vizuri kuliko mimi. Mayu msomee salamu zangu tu. Haya mengine yapitie kimya.

Jilala atakuomba kisabo wewe, kwa kuwa Mayu hatakuwepo. Mwambie hapana. Akikuuliza ni nani aliyekutuma kumnyima mkwe, mwambie ni mkewe.

Mdogo wako,
Minza