Picha Waliyoionyesha ya Denise

Barabara ya Tiffin,
Sandusky, Ohio.
Mei 3

Mpendwa Dada Lucille,

Salamu tele kutoka nyumbani. Goti linaendeleaje? Uliniandikia kwamba daktari wa huko Galway amekukataza kupanda ngazi, nami nikacheka peke yangu jikoni, maana wewe na kukatazwa hamjawahi kukaa chumba kimoja. Na mumeo Cormac je, kifua kimepoa? Mwambie ajifunge shingo vizuri. Baridi ya huko kwenu ina hila, ya kwetu angalau inakujia waziwazi.

Sisi hatujambo. Barafu ziwani imekwisha, na mcheri wa mama umechanua kana kwamba hautaki kusikia habari za mtu. Presha yangu ilikuwa imeshuka vizuri hadi Alhamisi ya wiki iliyopita. Tangu siku hiyo nimeudhika, dada. Nimeudhika hata jana nikatia chumvi kwenye kahawa nikainywa bila kujua.

Unamkumbuka Earlene Truitt, jirani yangu wa upande wa kushoto. Mjukuu wake Isaiah, tuliyemwita Zay, yule mnene aliyekuwa akija kutuondolea theluji mlangoni enzi za mama, sasa ni jitu la kuinamisha kichwa kwenye kila mlango. Amemaliza kucheza mpira wetu wa Kimarekani chuoni. Yeye si wa kurusha mpira wala wa kukimbia nao. Ni mmoja wa wale wa mbele wanaosukumana vifua ili mpiga pasi asivunjwe mbavu. Hakuna anayewapigia makofi watu hao, lakini wasipokuwepo kila mtu anaona.

Huko uliko wanacheza mpira wao mwingine, kwa hiyo nikukumbushe. Kila Aprili timu zetu hukaa zikachagua vijana kutoka vyuoni, na timu iliyovurunda zaidi huchagua mapema. Kwa tulivyocheza msimu uliopita, tulikuwa tunachagua mapema sana. Jiji zima lilikuwa linamtaka mpiga pasi mmoja aitwaye Halvorsen. Magazeti yaliandika Halvorsen, redio zikaimba Halvorsen, hata padri alimtaja kwenye mahubiri. Kufika Alhamisi watu walikuwa wameshanunua jezi zenye jina lake.

Basi kituo cha televisheni kikaomba kuleta kamera nyumbani kwa Earlene, ili kijana akichaguliwa taifa limwone akikumbatiwa. Earlene akaniita nimsaidie kupokea wageni. Nilipeleka pierogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, yeye alioka makaroni ya jibini na paja zima la nguruwe. Wale watu waliingia na nyaya zao wakasogeza kochi, wakatoa pazia, wakataka hata Yesu ashuke ukutani kwa sababu kioo chake kinarudisha mwanga. Earlene akawaambia, "Huyo hashuki. Shusheni taa zenu."

Mkuu wao alikuwa msichana mpole wa sauti, Paige, mwenye kidude sikioni. Alitufuata jikoni akamwomba Earlene ashike picha ya marehemu Denise jina la Zay litakaposomwa.

Denise, mama yake Zay, unajua alivyokwisha. Mashine ilimponda mkono kiwandani, akapewa vidonge vya maumivu, vidonge vikamshika wala visimwachie. Zay alikuwa na miaka tisa. Mambo hayo mtaani hapa tunayajua wote na hatuyasemi, kwa sababu mwenye kovu usidhani kapoa.

Earlene alifuta mikono kwenye aproni akamwangalia yule msichana. "Mwanangu, leo ni siku ya furaha ya huyu kijana. Denise msimtaje. Si jina lake, si alivyokufa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama," Paige akasema. "Nakuahidi."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, dada, na bakuli la krimu mkononi. Nilisikia kwa masikio yangu.

Zamu yetu ikafika. Simu ya Zay ikalia, akasikiliza, akasema "Ndiyo, bwana" mara nyingi, kisha akaziba macho kwa kiganja. Timu yetu! Timu ya nyumbani, dada, ile aliyovaa jezi yake tangu haijamtosha! Earlene alipiga ukelele nikadhani ameungua. Tukarukiana. Mimi na goti langu hili nilimrukia mchungaji wao.

Na televisheni ilikuwa ikiwaka pale ukutani, sauti juu. Kwanza wakaonyesha mashabiki waliojaa mbele ya skrini kubwa nje ya uwanja kule jijini. Jina la Isaiah Truitt likasomwa, na umati wote ukazomea. Si watu wawili watatu. Ilikuwa kama ng'ombe elfu wametiwa zizi moja. Kamera ikamkuta mzee mmoja aliyekuwa akijivua jezi kwa hasira, tumbo nje, anaikanyaga chini.

Zay akaacha kumkumbatia bibi yake. Akasema polepole, "Shangazi Wanda, yule si mzee Kaz?"

Alikuwa yeye. Mdogo wetu Casimir, mtoto wa mama yetu, kitumbo kikiruka mbele ya taifa zima.

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini hayo hayakuwa makubwa. Umati ulipokuwa bado unazomea, yule mchambuzi wao mwenye tai akaanza kusimulia, sauti ameilegeza kama mtu wa matangazo ya mazishi. Akasema kijana huyu amepita moto, mama yake alikuwa mtumwa wa dawa, alikutwa amekufa ndani ya gari. Na wakaweka picha. Si picha ya kanisani wala ya harusi. Waliweka ile ya polisi, ya mwaka wake wa mwisho, mashavu yamebonyea, macho hayana mtu ndani. Ikajaa ukuta wa Earlene, juu ya sahani za makaroni.

Zay alisimama akitazama uso wa mama yake, kofia ya timu mkononi, na kamera ikamsogelea kumwangalia akitazama. Hicho ndicho walichokijia, dada! Ndiyo sababu ya pazia kutolewa! Watu hawa hawawezi kumpa kijana kofia mpaka kwanza wamfukulie kaburi.

Earlene hakupiga kelele. Alimwendea Paige akamwambia, "Toka." Paige akaanza kusema si yeye, ni wakubwa wake studio, yeye mwenyewe hakujua. Earlene akarudia, "Toka, na taa zako." Walikunja nyaya zao wakaondoka, na mmoja wao, huwezi kuamini, alikuwa bado ana sahani mkononi. Nilimpokonya.

Ijumaa asubuhi nikafungua redio nikitegemea watu watakuwa wamekasirika kama mimi. Wapi! Skip Dorrance, yule mropokaji wa kipindi cha mashabiki, alikuwa akitoa maksi kama mwalimu mkuu. Akaipa timu sifuri. "Tulihitaji dereva," akasema, "wametununulia tairi!" Wote studio wakaangua kicheko. Watu wakapiga simu, mmoja baada ya mwingine, Tairi hivi, Tairi vile. Hakuna hata mmoja aliyemtaja Denise.

Nikapiga. Nilisubiri mpaka sikio likapata joto, nao wakaniunganisha.

"Wanda kutoka Sandusky, karibu hewani. Na wewe unalia kwa ajili ya Halvorsen?"

"Silii kwa ajili ya mtu. Nakuuliza, wewe gari lisilo na tairi uliliendesha wapi?"

Wakacheka. Akasema, "Mama ana moto huyu! Haya, endelea."

Nikamwambia, "Jana televisheni wameonyesha picha ya polisi ya mama wa yule mtoto, mbele ya bibi yake, na walikuwa wameahidi. Mbona hilo halina maksi?"

Halafu akasema, "Naam, hiyo ni habari ya kusikitisha, lakini hapa tunaongea mpira, mama," akanikata. Mpira! Asubuhi yote walikuwa wameongea urefu wa mikono ya kijana na ukubwa wa makalio yake kama wanauza fahali, lakini mama yake akitajwa kwa heshima, ghafla kila mtu ni mtu wa mpira.

Alasiri hiyo timu ikamleta Zay mbele ya waandishi. Nilitazama nikiwa nimeketi na Earlene, mkono wake ndani ya mkono wangu. Swali la kwanza tu, mwandishi mmoja akamuuliza kama kifo cha mama yake ndicho kilichompa njaa ya kushinda. Zay akamtazama, akavuta kipaza sauti karibu.

"Mama yangu anaitwa Denise Truitt. Kilichonipa njaa ya kushinda ni kwamba alikuwa hai. Kuna mwenye swali la mpira?"

Earlene akafumba macho akasema, "Asante, Bwana." Kisha akazima televisheni.

Sasa nikueleze ya Kaz. Nilimpigia simu nikiwa nimejiandaa kumchambua kama karanga.

"Unajua nilikuwa wapi ulipokuwa unavua nguo?"

"Umeniona, eh?" Bado alikuwa anajichekea. "Kila mtu ameniona! Wamenirudia mara ishirini!"

"Nilikuwa sebuleni kwa Earlene. Mtoto alikuona. Alikutambua kabla yangu."

Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mtoto gani?"

"Zay, Kaz. Zay aliyekuwa akituondolea theluji. Ndiye uliyemzomea."

Akaniapia kwamba hakulisikia jina. Alisikia tu kwamba si Halvorsen, na kelele zikaanza, na yeye akawa kelele. Namwamini, dada. Unamjua, kichwa chake hufika baada ya mdomo.

Jumapili akaja, amenyoa, amevaa koti la mazishi. Tulimkuta Earlene kibarazani, amerudi ibadani, viatu amevua. Kaz akavua kofia. "Mama Earlene, nimekuja kuomba radhi. Nimewaaibisha."

Earlene akamwangalia kutoka juu hadi chini. "Ulikuwa unamzomea mjukuu wangu au unaizomea timu?"

"Timu, mama. Naapa."

"Basi timu ndiyo ukaiombe radhi. Zay atazomewa miaka kumi, na watamlipa vizuri kwa hilo. Ni kazi. Denise wangu nani amemlipa?" Akasogeza kiti kwa mguu. "Kaa chini. Na lile tumbo, Kaz, lile tumbo si la kuonyesha watu." Kaz akaketi, akacheka, kisha uso ukamvunjika akalia kama mtoto. Earlene akamwachia alie.

Unadhani wale watu wa televisheni wameona haya? Jumatatu walimpigia Kaz. Walikuwa wamegundua anamfahamu bibi, wakataka wawapige picha wawili hao wakikumbatiana, shabiki aliyezomea na bibi aliyesamehe. Walikiita kipande cha uponyaji. Unamjua mdogo wetu, tangu utoto ndoto yake ni kuonekana kwenye televisheni, na msimu mzima hupaka uso rangi kwa sababu hiyo tu. Aliwaambia hapana. Wakamwahidi viti vya mbele uwanjani, akawaambia hapana, kisha akawaambia neno jingine ambalo siwezi kuliandika kwenye barua. Nilimpikia supu ya kabichi siku hiyo. Anaipenda.

Wakamrudia Earlene mwenyewe. Akawaambia ataongea kwa sharti moja, kwamba wamwache aseme Denise alikuwa nani, kwa maneno yake, bila kukatwa. Wakajibu wanazo dakika mbili tu na kinachotakiwa ni kukumbatiana. Akakata simu. Kesho yake lilifika shada la maua kutoka kwao lenye kadi ya pole, jina la Denise limekosewa herufi. Maua aliyatupa. Chombo alikiosha, anawekea vijiko.

Sasa dada, nina ombi, na hasa ndiyo sababu ya barua hii kuwa ndefu. Jana Earlene alinieleza jambo ambalo hajamwambia Zay. Anasema tangu siku ile, akifumba macho kumkumbuka binti yake, inamjia picha ya polisi tu. Anajaribu kumwona Denise wa harusini, Denise mdogo, haji. Nyumba yao ya zamani ilivyoungua walipoteza karibu picha zote, na zilizobaki ameziangalia hadi zimekuwa karatasi tu. Hajalia mbele yangu kwa miaka yote hii, lakini jana alilia. "Wameniibia uso wa mtoto wangu, Wanda," akasema.

Nikakukumbuka wewe. Wewe ndiye uliyekuwa ukifundisha kwaya ya sekondari wakati Denise anasoma, na kila mwaka mlikuwa mnapiga picha ngazini. Tafadhali pekua masanduku yako. Cormac ndiye apande huko juu, goti lako lipumzike. Namkumbuka safu ya pili, kidani shingoni, mdomo wazi kuliko wenzake wote, maana huyo binti hakuwahi kuimba nusu. Ukiipata itume haraka, wala usiikate pembeni ili itoshe bahasha. Nunua bahasha kubwa.

Wasalimie Cormac, Maeve na mumewe, na yule mdogo wao ambaye jina lake bado linanipiga chenga. Kaz anakusalimu. Earlene anakusalimu, hajui kwamba nimekuomba, kwa hiyo tumwache asitegemee bure. Mungu awafunike nyote, akupe goti la kupandia na macho ya kupekulia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Wanda